Kupanga Faili za Video Kabla ya Kuhariri

Mwanachuo mmoja wa ualimu alikwenda nyumbani wakati wa likizo, akampiga bibi yake picha za video akisuka mkeka, ili baadaye awaonyeshe watoto wa Darasa la Tatu. Alitumia simu yake pamoja na kamera aliyoazima. Aliifuata kazi yote: ukindu ukianikwa, chane zikitiwa rangi, ukili ukisukwa, na mwisho ukili ukishonwa kuwa mkeka. Alihariri kwa siku tatu. Siku ya nne, alipoona folda ina vurugu, alizihamisha faili na kuzibadili majina; na kwa kuwa kadi ya kamera ilikuwa imejaa, akaifuta. Alipoufungua mradi wake, karibu vipande vyote havikuonekana. Vingi vilipatikana baadaye. Kipande cha kushona hakikupatikana kabisa, kwani hakikuwa kimenakiliwa kutoka katika kadi. Na mkeka wenyewe ulikuwa umekwisha kuuzwa.

Kisa hiki kina makosa mawili ambayo wanachuo huyachanganya, ilhali moja hutibika na jingine halitibiki.

Kosa la kwanza hutokana na kudhani kwamba faili ya mradi imebeba picha ndani yake. Sivyo. Faili hiyo ni kama andalio la somo: humwelekeza mwalimu kwenye ukurasa fulani wa kitabu, lakini kitabu chenyewe kimo kabatini. Katika programu kama Kdenlive, ambayo hupatikana bila malipo, mradi ni maandishi tu yanayotaja jina la kila faili, mahali ilipo, na pale kipande kinapoanzia na kukomea. Ndiyo sababu mradi huwa mdogo mno, ilhali picha zilizorekodiwa kwa megabiti 16 kwa sekunde huchukua megabaiti 120 kwa dakika moja, na zaidi ya gigabaiti 7 kwa saa. Ukikihamisha kitabu, andalio halitakifuata. Tiba ni kuionyesha programu mahali papya. Na kama majina nayo yamebadilishwa, basi ni kazi ya kuchosha hasa.

Kwa hiyo upangaji hutangulia uhariri. Tufungue folda moja ya kazi nzima, na ndani yake folda za picha ghafi, sauti, mradi, na kazi iliyokamilika. Vipande vitolewe kwenye simu kwa waya; vikipelekwa kama video kwa WhatsApp hubanwa na kupungua ubora. Kisha vipewe majina, kwa mfano 2025-06-14_ukili_01. Mwaka hutangulia kwa sababu kompyuta hupanga majina kuanzia kushoto. Tukianza na siku, tarehe 3 Desemba itatangulia tarehe 5 Januari ya mwaka huohuo. Majina ya kamera hayatoshi: kamera nyingi huhesabu kutoka 0001 hadi 9999, kisha hurudia mwanzo, hata vipande viwili tofauti vikawa na jina moja. Baada ya vipande kuingizwa katika programu, majina yasiguswe tena.

Wakati wa kuhariri, mradi uhifadhiwe kila siku kwa namba mpya.

Kosa la pili ndilo zito. Kadi isifutwe kabla ya kuhesabu faili, kulinganisha ukubwa wake, na kucheza mwanzo na mwisho wa kila kipande. Nakala ya pili iwekwe katika diski nyingine. Folda nyingine ndani ya diski ileile haisaidii, maana diski ikifa zote zimekufa. Wapo wanaoliona jambo hili kuwa usumbufu. Sisi twaliona kuwa ni nusu saa tu.

Mwanachuo wetu alionyesha video yake bila sehemu ya kushona. Mtoto mmoja akauliza ukili mwembamba hivyo unakuwaje mkeka mpana wa kulalia. Ilimbidi mwalimu aazime sindano na vipande viwili vya ukili, ashone mbele ya darasa, vibaya kidogo, huku watoto wakisogea karibu.