Kikao cha Kwanza cha Kuacha Pombe: Pa Kuanzia na Yanayofanyika Humo

Katika kata ambayo watu wanafahamiana tangu shule ya msingi, aliyeamua kuacha pombe mara nyingi huogopa kuonekana kuliko anavyoogopa ugonjwa wenyewe. Hujiuliza ni nani atakayemwona akiingia mlangoni, na ni nani atakayeifikisha habari kilabuni kabla ya jioni. Hofu hiyo ina msingi, na ndiyo huwafanya wengi waahirishe mwaka hadi mwaka. Vikundi vya kusaidiana, hata hivyo, vimewekewa utaratibu unaoizingatia hofu hiyo tangu mwanzo.

Kinachojulikana zaidi duniani ni Alcoholics Anonymous, kilichoanza mwaka 1935 katika mji wa Akron, Marekani. Bill Wilson, aliyekuwa akishughulika na biashara ya hisa, alikuwa na miezi michache tu tangu aache kunywa alipofika mjini humo kwa shughuli iliyomharibikia. Badala ya kuingia baa, alitafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye, akakutanishwa na daktari wa upasuaji, Bob Smith. Neno la pili katika jina la kikundi lina maana ya watu wasiotajwa majina. Wahudhuriaji hujitambulisha kwa jina la kwanza pekee, hakuna ada ya uanachama, na sharti la kujiunga ni moja: nia ya kuacha kunywa.

Lipo jambo la kutangulia kikao. Mtu anayekunywa sana kila siku, iwe bia, gongo au mbege, hapaswi kuacha ghafla bila kuonana na mtaalamu wa afya. Mwili uliozoea pombe ukiikosa huweza kutetemeka, kutoka jasho na kukosa usingizi. Wengine huanguka kama wenye kifafa ndani ya siku mbili za kwanza, na wengine huchanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwapo. Hali hii huweza kuua. Aliyewahi kuipata anapaswa kuanzia zahanati au kituo cha afya, ambako atapimwa na kupewa rufaa ikibidi. Kikundi hakitoi dawa, wala hakichukui nafasi ya tabibu.

Katika miji kama Dar es Salaam na Arusha, vikao vya Alcoholics Anonymous hufanyika. Kwingineko, wa kwanza kuulizwa ni Afisa Ustawi wa Jamii. Anayefika ofisini si lazima aeleze shida yake mbele ya watu waliopanga foleni. Inatosha kusema kwamba anaomba kuzungumza na Afisa faraghani. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, pamoja na viongozi wa misikiti na makanisa, nao mara nyingi hufahamu wanaokutana na mahali wanapokutania. Asiyetaka kuonekana kwao anaweza kuhudhuria kata ya jirani au mjini. Ni jambo la kawaida, na hakuna atakayemuuliza kwa nini amesafiri.

Kikao huchukua takriban saa moja au moja na nusu. Mmoja hufungua, kisha wanaotaka huzungumza kwa zamu kuhusu maisha yao wenyewe. Anayezungumza hakatizwi, hahojiwi wala hahukumiwi. Mgeni akifikiwa na zamu anaweza kusema, “Leo nasikiliza tu,” na zamu ikaendelea. Mungu hutajwa katika hatua 12 za kikundi, lakini kila mmoja huachiwa imani yake. Mwislamu na Mkristo huketi katika duara moja. Yanayosemwa humo hubaki humo. Pengine mgeni atakutana na mtu anayemfahamu, na hapo ndipo wengi hutaka kugeuka. Lakini mtu huyo naye amekuja kwa shida ileile, na ana siri ileile ya kutunziwa.

Kikao kimoja hakitoshi kupima kikundi, kwa kuwa siku ya kwanza masikio huwa mlangoni. Ni vyema kuhudhuria mara kadhaa, na kuondoka na namba ya simu ya mwenzake mmoja wa kumpigia hamu inapozidi. Mwanamke akijikuta peke yake kati ya wanaume anaweza kuulizia kikundi cha wanawake. Aliyeteleza akanywa tena hafukuzwi; hurudi na kuketi kama kawaida. Ndugu wa mnywaji nao wana vikao vyao, Al-Anon, vilivyoanzishwa mwaka 1951 na Lois Wilson, mke wa Bill, pamoja na mwenzake.

Pasipokuwa na kikundi, watu wawili wanatosha kuanza, kama ilivyokuwa Akron. Mtendaji wa Kata anaweza kuombwa chumba, kwa mfano darasa baada ya masomo, na si lazima mlangoni pabandikwe tangazo la kinachofanyika ndani. Siku na saa vipangwe kwa busara: jioni ya siku ya mnada au ya mwisho wa mwezi, saa ambayo wahusika wangekuwa kilabuni, hufaa kuliko asubuhi ya Jumatatu.