Ujumbe unaotoweka upesi

Swali: Natengeneza programu ya Android ya wauza samaki hapa Butimba, Mwanza. Toast ya “Mauzo yamehifadhiwa” nimeiwekea 10000, lakini inatoweka kabla mama hajaisoma. Kwa nini?

Jibu: Toast haipokei milisekunde. Inajua mawili tu: LENGTH_SHORT, sekunde 2, na LENGTH_LONG, sekunde 3.5. Namba yako haijulikani, hivyo imehesabiwa fupi. Wapo wanaounda Toast mpya mfululizo zenye ujumbe uleule ili ukae. Usiwaige, zitapangana foleni hata mtu akishahama ukurasa. Tumia Snackbar: hiyo hukubali setDuration(10000), au LENGTH_INDEFINITE pamoja na kitufe cha “Sawa”. Kwa jambo la fedha, mimi ningeweka kitufe.