Kuifunga Pikapu Ivute Trela ya Pini: Hesabu ya Uzito na Kingo za Lualaba

Mji wa Kindu, makao makuu ya jimbo la Maniema, ulikua kama mahali ambapo mzigo hulazimika kubadili chombo. Reli ya kutoka Kongolo, yenye urefu wa kilomita 355 na iliyojengwa kati ya mwaka 1906 na 1910, inaishia hapo, na kutoka hapo mto Lualaba hupitika kwa meli kwa takriban kilomita 300 hadi Ubundu, ambako maporomoko huurudisha mzigo kwenye reli ya kwenda Kisangani. Mzigo usiofuata reli wala mto, kama vile mpunga wa vijijini, saruji ya shule inayojengwa upande wa Kalima au jenereta ya kituo cha afya, huachiwa barabara za udongo, na gari linalozimudu barabara hizo kwa mwaka mzima ni pikapu inayovuta kwa magurudumu yote manne, hasa Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70. Makala haya yanaeleza namna pikapu ya aina hiyo inavyoandaliwa kuvuta trela ambayo uzito wake wa mbele haukalii ndoano ya nyuma ya bampa, bali hukaa ndani ya bodi, juu ya ekseli ya nyuma.

Kiungo cha trela hiyo kina sehemu mbili. Chini ya shingo ya trela hutokeza pini nene ya chuma, ambayo kwa trela za pikapu huwa na kipenyo cha inchi 2, yaani milimita 50.8, na ndani ya bodi ya pikapu hufungwa sahani ya chuma yenye mwanya na taya zinazoikamata pini hiyo, ile ambayo mafundi waliojifunza kazi kwa Kifaransa huiita seleti. Huu ni muundo uleule wa malori ya semi, uliopunguzwa ukubwa. August Fruehauf, mhunzi wa Detroit, alipoombwa mwaka 1914 kutengeneza chombo cha kubebea boti nyuma ya gari la Ford, alianza na gari dogo, kwa hiyo si ajabu kwamba gari dogo limeurudia muundo huo. Faida yake ni utulivu: kwa kuwa uzito unakaa juu ya ekseli, trela haina mkono mrefu wa kuiyumbishia pikapu kutoka nyuma. Hasara zake, ambazo katika barabara za Maniema si ndogo, zitaonekana kadiri maelezo yanavyoendelea.

Kosa linaloenea kuliko yote ni kuanza na injini. Injini ya 1HZ, yenye lita 4.2 na silinda sita, huvuta kwa ustahimilivu mkubwa katika gia ndogo, na mwenye gari akiiona inakokota lori lililokwama huamini kwamba hakuna trela itakayoishinda. Lakini kinachoiweka mipaka pikapu ni uzito unaoruhusiwa kukalia ekseli zake, na baada ya hapo ni uwezo wake wa kusimama. Kila gari lina kibao cha kiwandani kinachotaja uzito wa juu wa gari pamoja na vyote vilivyomo, na hesabu huanzia kwenye kibao hicho. Tuchukue mfano wa pikapu inayoruhusiwa kilo 3,300 na yenye uzito wa kilo 2,200 ikiwa tupu: zinabaki kilo 1,100. Dereva, msaidizi wake, zana na mafuta ya ziada, ambayo safari za huku haziwezi kuyakosa, huchukua kama 250, na sahani pamoja na vyuma vyake huchukua 100, hivyo zinabaki 750 kwa ajili ya pini. Trela ya pini hukalisha juu ya gari kati ya asilimia 15 na 25 ya uzito wake wote, tofauti na trela ya ndoano inayokalisha asilimia 10 hadi 15. Kwa asilimia 20, kilo 750 za pini zinalingana na trela ya kilo 3,750. Kwa asilimia 25, trela hiyohiyo inashuka hadi kilo 3,000, nayo ni jumla ya chuma cha trela na shehena. Kikomo cha kuvuta kilichotajwa na kiwanda kikiwa chini ya hapo, hicho ndicho kinachofuatwa, na kwa njia zenye makorongo busara ni kubaki karibu na tani mbili.

Kuna wanaodhani kwamba hesabu hiyo hukwepeka kwa kuongeza bamba moja au mawili kwenye springi za nyuma. Springi iliyoongezwa huizuia bodi isiiname, jambo linalofaa kwa taa na kwa usukani, lakini haiongezi nguvu ya ekseli, ya beringi wala ya chesisi. Gari huonekana limesimama vizuri huku limezidiwa vilevile. Tairi nazo husomwa namba zilizoandikwa ubavuni: 112 humaanisha kilo 1,120 kwa tairi moja, 116 humaanisha 1,250, na 121 humaanisha 1,450, mradi upepo umejazwa kwa kiwango cha mzigo huo.

Uzito wa pini haukisiwi kwa macho, na mizani inayotumiwa na wafanyabiashara wa mpunga inatosha kuupima. Boriti imara hulazwa ncha moja juu ya bomba lililo chini, na ncha nyingine juu ya mizani. Shingo ya trela iliyopakiwa hushushwa ikalie boriti sentimita 30 kutoka kwenye bomba, na mizani iwe sentimita 150 kutoka kwenye bomba hilohilo. Mizani itaonyesha sehemu moja ya tano ya uzito, kwa hiyo ikisoma 100, pini ina kilo 500, baada ya kutoa kile ambacho boriti yenyewe ilionyesha kabla ya kubebeshwa. Upimaji huo hufanywa trela ikiwa mahali tambarare, magurudumu yametiwa kabari, na hakuna mtu chini ya shingo. Ukishapima mara moja ukajua uzito wa vitu vyenyewe, kwamba mfuko wa saruji ni kilo 50 na pipa la lita 200 la mawese linakaribia kilo 200 pamoja na chuma chake, upakiaji unaofuata hupangwa kwa hesabu: kinachowekwa nyuma ya ekseli ya trela huinua pini, na pini nyepesi mno huifanya trela iyumbe, hata ile iliyosifiwa kwa utulivu.

Sahani haifungwi kwenye bati la bodi. Bati hilo huchanika, na hata lisipochanika hupinda kidogo kidogo hadi bolti zikalegea. Kwa hiyo reli za kubebea sahani hupitishiwa bolti hadi kwenye mabano yaliyokaza chesisi yenyewe. Mhimili wa chesisi una ubavu uliosimama na kingo mbili zilizolala, ya juu na ya chini, na kingo hizo ndizo zinazobeba mkazo wa kupinda, hivyo tundu likilazimika kutobolewa hutobolewa ubavuni, kamwe si kwenye kingo. Kuchomelea chesisi kwa umeme ni njia ya mkato ambayo fundi mwenye jenereta na vijiti vya kuchomelea ataipendekeza kwa nia njema kabisa, lakini joto hubadili chuma kando ya mshono, na hapo ndipo ufa huanzia baada ya miezi ya mashimo. Bolti ziwe za daraja 8.8 au 10.9, namba ambayo hupigwa kwenye kichwa cha bolti. Bolti isiyo na namba ibaki dukani. Baada ya kilomita 50 hadi 100 za kwanza zote hukazwa upya, kwa sababu rangi na kutu vilivyobanwa katikati huwa vimesagika. Sahani yenyewe hukaa juu ya ekseli ya nyuma au sentimita chache mbele yake. Ikirudishwa nyuma ya ekseli, magurudumu ya mbele huwa mepesi na usukani hupoteza mshiko kwenye tope.

Mtihani mkubwa zaidi uko ukingoni mwa mto. Lualaba huugawa mji wa Kindu, komuni za Kasuku na Mikelenge zikiwa ukingo wa kushoto na Alunguli ukingo wa kulia, na anayeelekea Kasongo kutoka mjini huvuka maji kwa chombo, kisha hukutana tena na mito mingine. Pikapu inapoanza kushuka kuelekea pantoni ilhali trela bado iko juu kwenye tambarare, mkia wa bodi huinuka kuelekea tumbo la shingo ya trela. Pini ikiwa mita moja mbele ya mkia wa bodi, mteremko wa nyuzi 10 tu huuinua mkia huo kwa karibu sentimita 18, wakati nafasi inayoachwa kwa kawaida kati ya kingo za bodi na shingo, katika nchi zenye lami, ni kama sentimita 15. Maana yake ni kwamba trela iliyofungwa kwa kipimo cha lami itaivunja bodi siku ya kwanza ya kivuko. Nafasi ya sentimita 25 ndiyo ya kuanzia, na mlango wa nyuma wa bodi huondolewa kabisa. Lakini sahani ikiinuliwa peke yake, trela hutazama juu, na ikiwa na ekseli mbili ile ya nyuma huelemewa. Kwa hiyo ekseli za trela nazo hushushwa, kwa kuzihamishia chini ya springi badala ya juu yake, ili trela ilale sawa. Hatua hiyo huinua kitovu cha uzito na kuifanya trela iwe rahisi kupinduka kwenye barabara iliyoinama upande, na hakuna ufundi unaoondoa gharama hiyo isipokuwa kupakia vizito chini na kwenda polepole. Kwa sababu hiyohiyo ya mashimo, sahani inayochezea mbele na nyuma pekee haifai. Inatakiwa ile inayoinama pia kulia na kushoto, la sivyo kila korongo litaisokota chesisi.

Breki zinahitaji neno la peke yake. Trela nyingi ndogo za Ulaya hutumia breki ya kusukumwa, ambayo hufanya kazi pale trela inapolisukuma gari na fimbo ya mbele kurudi ndani. Pini ya trela hii hairudi ndani, kwa hiyo aina hiyo ya breki kwa kawaida haitumiki, na mwenye gari mara nyingi hubaki na breki za umeme zinazoongozwa na kifaa kilicho karibu na dereva. Hizo ni nzuri, ila sumaku zake hukaa ndani ya ngoma inayoingia maji na tope kila kivuko, na vipuri vyake havipatikani kirahisi, hivyo seti moja ya akiba hununuliwa pamoja na trela. Waya wa dharura, unaozifunga breki trela ikichomoka, hufungwa kwenye gari na si kwenye sahani, kwani sahani iking'oka waya uliofungwa hapo utakwenda nayo bila kuvutika.

Taa za trela nazo hutegemea plagi. Katika plagi ya Ulaya ya miguu saba, ile ya kawaida ya volti 12, mguu wa 3, wenye waya mweupe, ndio ardhi, na taa nyingi zinazowaka kwa kuchanganya, kiashirio kikimeta pamoja na taa ya breki, hutokana na ardhi mbovu. Plagi ya Marekani ina mpangilio mwingine, na anayeagiza trela kupitia Dubai aulize mapema ni ipi.

Wakati wa kuunganisha, trela hutiwa kabari, miguu yake ya kusimamia huirekebisha shingo iwe chini kidogo ya uso wa sahani, ili sahani ikiingia iinyanyue kwa sentimita moja au mbili. Shingo iliyo juu kuliko hapo huleta hatari isiyoonekana: pini hupanda juu ya taya badala ya kuingia ndani, kila kitu huonekana kimefungwa, na trela huanguka juu ya bodi kwenye tuta la kwanza. Kwa hiyo dereva hushuka na tochi, huchungulia kutoka nyuma kama taya zimeizunguka pini pande zote na kama hakuna mwanga kati ya sahani na trela, kisha huvuta kidogo mbele kabari zikiwa bado mahali pake. Hapo tu ndipo miguu huinuliwa.

Kwenye daraja la magogo, ikumbukwe kwamba trela ya pini hukata kona kwa ndani zaidi kuliko trela ya ndoano. Msafara wote unyooke kabla gurudumu la kwanza halijakanyaga ubao, na msaidizi atembee kwa miguu akiangalia magurudumu ya trela.

Haya yote yakishawekwa kwenye mizani, hukumu ya mwandishi ni hii: trela ya pini inamfaa yule ambaye mzigo wake ni mmoja na wa kudumu, kama jenereta kubwa, karakana ya kutembea au kliniki ya magurudumu, na ambaye hahitaji bodi ya pikapu kwa kitu kingine. Mwenye magunia na mapipa, ambaye leo anakwenda Kalima na kesho anabeba abiria, atumie trela ya ekseli moja yenye pete na ndoano ya chuma ya kijeshi, isiyozidi tani moja na nusu pamoja na mzigo na yenye breki zake, na bodi aiachie kazi yake.