MWAJIRI AKIBADILIKA, MIAKA YAKO YA KAZI IKO WAPI?

Leo tujifunze jambo linalowapata wafanyakazi wengi. Mtu amefanya kazi mahali kwa miaka mingi. Siku moja anaambiwa: "Biashara imeuzwa, bosi ni mwingine." Je, ile miaka yake imekwenda wapi?

Hapa Kigoma jambo hili si geni. Itazameni meli ya Liemba. Ilishushwa majini mwaka 1915, wakati wa Wajerumani. Baadaye iliendeshwa na reli ya Waingereza, kisha na reli ya Afrika Mashariki, kisha na Shirika la Reli Tanzania. Mwaka 1997 ikaundwa kampuni ya meli peke yake. Meli ni ile ile, lakini mwajiri kabadilika mara nyingi.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Wafanyakazi wake wengi wa reli na bandari waliingia mashirika mapya. Kazi iliendelea, lakini mafao ya miaka ya nyuma yakazua madai. Mwaka 1984 Kenya, Uganda na Tanzania zilikubaliana kila nchi iwalipe raia wake pensheni. Hata hivyo, wastaafu wa Tanzania walikwenda mahakamani mwaka 2003. Mapatano na Serikali yalifikiwa mwaka 2005. Hesabuni wenyewe: tangu 1977 hadi 2005 ni miaka 28!

Sasa tuone sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema mwajiri hawezi kumwachisha mtu kazi hivi hivi tu. Lazima awe na sababu ya haki, na afuate utaratibu wa haki. Lakini mtu ambaye hajatimiza miezi 6 kwa mwajiri huyo hawezi kudai kwa njia hii. Hapo ndipo penye hatari.

Tuchukue mfano. Mtu amefanya kazi miaka 8 kwenye mashine ya kukamua mawese. Mashine inauzwa. Mnunuzi anasema, "Wewe kwangu umeanza leo." Baada ya miezi 5 anamfukuza. Mtu wa miaka 8 kageuzwa mtu wa miezi 5!

Na kiinua mgongo je? Mwenye haki ya kukipata hulipwa si chini ya mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, hadi miaka 10. Kama mshahara ni shilingi 10,000 kwa siku, mwaka mmoja ni shilingi 70,000. Miaka 8 ni shilingi 560,000. Hizo si fedha za kuacha zipotee.

Basi tufanye nini?

1. Ulizeni: imeuzwa kampuni, au mali tu? Kampuni ikibaki ile ile, wakabadilika wenye hisa tu, mwajiri ni yule yule na miaka inaendelea.

2. Kama mwajiri ni mwingine, msingoje maneno ya mdomo. Ama mwajiri wa zamani awalipe haki zenu, yaani mshahara, likizo, notisi na kiinua mgongo, ama mpya aandike kwamba anaihesabu miaka yenu ya nyuma.

3. Msitie sahihi wala dole gumba kabla ya kusoma. Tumejifunza kusoma kwa ajili ya siku kama hiyo.

4. Tunzeni mkataba, karatasi za mshahara na cheti cha utumishi.

5. Ukiachishwa isivyo haki, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kabla siku 30 hazijapita. Ukikawia, dai laweza kukataliwa. Kama una chama cha wafanyakazi, kiambie mapema.

Maswali ya kujadili:

(a) Kwa nini miezi 6 ya kwanza ni ya hatari kwa mfanyakazi?

(b) Mshahara ni shilingi 12,000 kwa siku. Kiinua mgongo cha miaka 5 ni shilingi ngapi?

(c) Karatasi zako za kazi umeziweka wapi?