Somo la 9: Joto, Baridi na Hewa ya Nyumbani

Labda katika nyumba yako kuna ugomvi mdogo kila usiku. Baba anasema, «Fungua dirisha, nakosa pumzi.» Mama anasema, «Acha lifungwe, watoto watashikwa na baridi.» Bibi amejifunika mablanketi mawili na bado anatetemeka, na kijana aliyetoka kubeba mizigo hataki hata shuka. Je, nani ana haki? Wote wana haki, kwa maana kila mmoja anasema habari za mwili wake mwenyewe.

Mwili wa mtu mwenye afya hulinda joto lake karibu na digrii 37, hewa ikiwa moto au baridi. Chakula ndicho kuni zake, na jasho ndilo maji yanayoupoza. Anayefanya kazi ya nguvu huwasha kuni nyingi, basi husikia joto. Mwanamke mwenye mimba husikia joto pia, naye asiambiwe kwamba anajidekeza. Mzee nyama ya mwili wake imepungua, hutoa joto kidogo. Wasomaji wa Biblia wanakumbuka mfalme Daudi: alipokuwa mzee walimfunika nguo, lakini hakupata moto. Basi, msimcheke bibi.

Lakini yuko mmoja ambaye msifuate anavyotaka. Ni mwenye malaria. Anatetemeka, meno yanagongana, anaomba blanketi juu ya blanketi, na kumbe mwili wake unawaka. Mtoto wa namna hii msimfunike kama mzigo wa soko. Mvalisheni nguo nyepesi, mpeni maji ya kunywa, au ziwa la mama kama angali ananyonya, tena mleteni kwa waganga siku ile ile.

Sasa tuseme habari za mashini ya kupoza hewa, ile ambayo wengi huiita klimatizeri. Hapa Muhumba wengine huiona katika ofisi na hoteli, na wanaorudi Kinshasa au Dubai huisifu sana. Mashini hii haitengenezi baridi. Hulichukua joto la chumbani na kulitupa nje, ndiyo sababu sehemu yake ya nje hupuliza hewa moto. Mwaka 1902 Mmarekani aitwaye Willis Carrier alitengeneza mashini ya kwanza ya namna hii kwa kiwanda cha kuchapa huko Brooklyn. Hakuwatengenezea watu! Unyevu wa hewa ulikuwa unaharibu kazi ya karatasi. Watu walikuja kuifurahia baadaye.

Je, sisi tunaihitaji nyumbani? Angalieni mahali tunapokaa. Ziwa Kivu liko juu, karibu mita 1,460. Ziwa Tanganyika liko chini, karibu mita 770. Kila mtu anayepanda mita 1,000 hupoteza digrii kama 6 za joto. Ndiyo maana ukishuka kwa gari kupitia Ngomo mpaka Kamanyola, na toka hapo ukashika barabara ya Uvira, unavua koti, halafu unavua sweta, halafu unatafuta maji. Hapa Bukavu joto la mwaka mzima ni kama digrii 20 tu, na upepo wa ziwa huizunguka rasi yetu ya Muhumba bila kuomba umeme. Kwa maoni yangu, fedha za kununua mashini hiyo hapa ni heri zinunue dari chini ya mabati na chandarua kwa kila kitanda. Lakini hospitalini ni neno lingine. Chanjo hulindwa katika friji kati ya digrii 2 na 8, na dawa nyingi zinaharibika katika stoo yenye joto.

Tena, wengi hudhani kwamba klimatizeri huleta hewa mpya. Sivyo. Zile za nyumbani kwa kawaida huzungusha hewa ile ile ya chumbani. Kama mmoja wenu anakohoa kifua kikuu, mashini haitoi wadudu wale ambao daktari Robert Koch aliwatambua mwaka 1882. Inawazungusha tu kati yenu. Dirisha lililo wazi ndilo linalowatoa. Na anayekohoa majuma mawili asingoje. Aje apimwe makohozi.

Basi taabu yetu kubwa hapa ni baridi ya usiku kuliko joto. Katika kiangazi, mwezi wa sita mpaka wa nane, usiku huwa baridi, na watu hufanya jambo la hatari: baada ya kupika huingiza mbabula ndani ya chumba cha kulala, hufunga mlango, huziba na tundu la dirisha kwa nguo, halafu hulala. Wengine hawaamki.

Sikieni sababu yake. Makala yanapowaka hutoa hewa mbaya iitwayo kaboni monoksidi. Haina harufu, haina rangi. Damu yetu hubeba hewa safi kutoka mapafuni kwenda mwilini. Lakini hewa hii mbaya hushikamana na damu kwa nguvu kupita mara 200 kuliko ile safi, hata hakuna nafasi iliyobaki. Mtu husikia kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea. Kama yuko macho anaweza kutoka. Kama amelala, usingizi unazidi tu.

Mama mmoja husema, «Mimi nangoja moshi uishe kwanza, makala yakiwa mekundu ndipo naingiza.» Ndugu yangu, moshi si alama. Makala mekundu yasiyo na moshi hata kidogo yanaua vilevile. Wala kuweka sufuria ya maji pembeni hakusaidii. Watu wa Goma na Sake wanajua mazuku, hewa ya volkano inayokaa mabondeni na kuua mbuzi na watu pasipo sauti. Ile ni hewa ya namna nyingine, lakini fundisho la macho ni moja: usichokiona kinaweza kukuua.

Mkimkuta mtu amelegea katika chumba chenye mbabula, fungueni mlango na madirisha upesi, mtoeni nje penye hewa, msikae ndani kumwuliza maswali, na mleteni hospitalini hata akisema amepona. Anahitaji kupewa oksijeni.

Wengi hufanya hivyo kwa ajili ya mtoto mchanga. Ni upendo, lakini iko njia bora. Mvue mtoto nguo, umwache na kofia, soksi na nepi, umlaze kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, halafu ujifunge kitenge na blanketi juu. Waganga wa Bogota, nchi ya Kolombia, walianza kufanya hivi mwaka 1978 kwa watoto waliozaliwa kabla ya wakati, na sasa hufanywa duniani kote. Kifua cha baba nacho hufaa, ingawa wababa wengine huona haya.

«Nikifungua dirisha, mbu wataingia, na wezi pia.» Ni kweli, hasa kule Kadutu ambako nyumba zinabanana. Basi acheni tundu juu karibu na dari, pande mbili za chumba, litiwe vyuma na wavu. Hewa moto hupanda, itatokea pale. Bibi asiyependa upepo, hamisheni kitanda chake, msizibe tundu.

Kwa wale wanaokwenda Uvira, Kinshasa au Dubai: nyumba ikiwa na mashini, digrii 24 mpaka 26 zinatosha kulala, na kichujio chake kioshwe. Feni husaidia kwa kukausha jasho; lakini hewa ikipita digrii 40, feni hukupuliza moto tu. Funga madirisha na mapazia mchana wa jua kali, fungua usiku, kunywa maji kabla ya kiu. Msidhani ni jambo dogo. Katika Ufaransa, mwezi wa nane mwaka 2003, watu karibu 15,000 walikufa kwa joto, wengi wao wazee, na wengi walikuwa peke yao nyumbani. Mtu akichanganyikiwa katika joto na ngozi yake inawaka, mpelekeni kivulini, mvueni, mwageni maji mwilini, mpepeeni, na itafutwe gari ya hospitali. Akizimia, msimnyweshe kitu.

Maswali ya kujibu nyumbani. Chumba chako cha kulala kina madirisha mangapi, na mangapi yanafunguka? Mbabula wako unalala wapi usiku? Nani katika nyumba yako husikia baridi kuliko wengine, na kitanda chake kiko wapi?