Kwa Nini Kishingo Hana Manyoya Shingoni?

Kuku wa kishingo si mgeni katika nyumba zetu. Asiyemzoea humdhania mgonjwa, au kwamba amenyonyolewa. Kumbe ni mzima, na alitoka yaini hivyo hivyo. Shingo yake yaweza kutufunza jambo ambalo wanafunzi wengi wa Bayolojia hulishika nusu.

Mwanzo wa kifaranga ni seli moja. Seli hiyo hugawanyika mara nyingi sana, na kila seli hupata nakala ya jeni zote. Seli ya jicho inazo jeni za manyoya. Mbona basi jicho halioti manyoya? Ni kwa sababu jeni hazifanyi kazi zote mahali pote. Ziko sehemu za DNA zilizo kama swichi. Protini fulani zikishika hapo, jeni huamshwa au hunyamazishwa. Na protini hizo nazo hutokana na jeni nyingine! Hivyo jeni moja huamrisha ya pili, ya pili huamrisha ya tatu, na pengine ya tatu hurudi kuizuia ya kwanza. Huo ndio mtandao wa jeni, na kwa huo moyo huanza kupiga siku ya pili ya kuatamiwa, na siku ya 21 kifaranga huangua.

Sasa tutazame manyoya. Kiasi cha siku ya saba vidoa vyake huonekana ngozini, vimepangwa kwa safu. Ngozi hupata amri za namna mbili: moja husema, "Ota hapa", nyingine huwaenea jirani ikisema, "Ninyi msiote." Ndiyo maana manyoya hayasongamani. Miongoni mwa protini za kukataza imo BMP12.

Mwaka 2011 wataalamu wa Edinburgh, Uskoti, walitoa habari za uchunguzi wao juu ya kishingo. Walikuta kipande kikubwa cha DNA ya kromosomu ya 1 kimehamia katika kromosomu ya 3, si mbali na jeni ya BMP12. Jeni yenyewe ni nzima. Kilichobadilika ni kiasi cha kazi yake, nayo hutoa BMP12 kupita kawaida. Basi kwa nini shingo tu? Kwa sababu ngozi ya shingo hutengeneza asidi ya retinoiki, itokanayo na vitamini A, nayo huongeza nguvu ya BMP12 mahali hapo. Hata ngozi ya kiinitete cha kuku wa kawaida, ilipotiwa BMP12, shingo ndiyo iliyotangulia kukosa manyoya.

Kwa hiyo sipendi kusikia mtu akitaja "jeni ya shingo", kana kwamba kila kiungo kina jeni yake. Swali ni jeni gani, wapi, lini, na kwa kiasi gani.

Wafugaji nao wajue kwamba kishingo huvumilia joto kuliko wengine, maana joto la mwili hupata pa kutokea. Mwenye nakala moja ya badiliko hilo hubaki na kishada cha manyoya mbele ya shingo. Mwenye mbili huwa karibu mtupu. Wakati wa likizo kila mwanafunzi awahesabu vishingo wa kwao, wenye kishada na wasio nacho, na matetea yaliyowazaa, kisha alete hesabu yake darasani.