Historia Isiyo na Kibao: Mafunzo Niliyopata Kituku

Mgeni akifika Goma akaniuliza makumbusho yako wapi, mimi humpeleka Kituku, soko na bandari ya boti kule Kyeshero, magharibi mwa mji. Hakuna tiketi, hakuna kibao, na matope yapo ya kutosha.

1. Anzia kwenye samaki. Nilimuuliza mama mmoja muuzaji sambaza wake wanatoka wapi. "Mu ziwa, papa. Ungetaka watoke wapi?" Alisema kweli, ila samaki hao ni wahamiaji. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Wabelgiji walileta vifaranga kutoka Ziwa Tanganyika, kwa kuwa katikati ya Ziwa Kivu hapakuwa na samaki wa kula vijidudu vinavyoelea majini. Zililetwa aina mbili, ikasalimika moja, ndugu wa dagaa wa Kigoma. Leo usiku ukiingia, taa za wavuvi wa sambaza hutapakaa ziwani. Katika mabaki yote ya ukoloni hapa Goma, hili ndilo pekee linaloliwa kwa ugali.

2. Mawe nayo yana tarehe. Goma imejengwa chini ya volkano ya Nyiragongo na kwa mawe ya volkano: kuta, nyua, hata njia ya chukudu, baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Nyiragongo ilipasuka Januari 10, 1977, kisha Januari 17, 2002, kisha Mei 22, 2021. Mlipuko wa 2002 ndio ulioukata mji vipande viwili. Uji wa volkano ulifunika sehemu ya uwanja wa ndege, ukaliteketeza kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, ukapita katikati ya maduka hadi ziwani, na watu wapatao 120,000 wakabaki bila makao. Kuna majengo ya ghorofa ambayo chumba cha juu kiligeuka kuwa cha chini. Ukitoka Kituku kwenda katikati ya mji, waulize wazee, si madereva vijana: mzee atakuonyesha duka lililozikwa chini ya duka unalonunua leo sukari.

3. Maji hayahifadhi alama, kwa hiyo kazi ya kukumbuka ni ya watu. Mapema mwaka 2024 vita viliikata barabara ya Sake na Minova. Vyakula na abiria vikahamia ziwani. Oktoba 3, 2024, boti MV Merdi iliyotoka Minova ikiwa imejaa kupita kiasi ilipinduka ikikaribia kutia nanga Kituku, huku ndugu na wafanyabiashara waliokuja kupokea wakitazama. Walikufa watu kwa makumi. Idadi kamili ilibishaniwa, maana huwezi kuhesabu waliopotea kama hukuwahesabu walipopanda. Mimi naona pale pangestahili jiwe lenye majina kuliko sanamu nyingi za mizunguko ya barabara. Kwa sasa ukumbusho ni wauzaji wenyewe, na wengi hawapendi kuulizwa. Nunua kitu, kaa. Muuzaji akitaka atasema.

4. Tazama kusini. Boti za Idjwi huingia hapa na mizigo ya shamba, na abiria wake wanatoka kisiwa kilichogombaniwa na wafalme wa Ulaya. Mkataba wa Brussels wa 1910 uliwapa Wabelgiji Goma na Idjwi, Wajerumani wakabaki na Gisenyi, mji jirani ulio Rwanda ya leo. Septemba 1914 Wajerumani wakakiteka kisiwa, na walikishikilia hadi 1916. Vita Kuu ya Kwanza, kwa hiyo, ilipiganwa pia kwenye maji haya ambayo leo watoto wanachota kwa bido, yaani madumu, za njano.

5. Ukiendelea mbele ya Kituku, Lac Vert, ziwa dogo ndani ya kreta kuelekea Mugunga, ni pazuri kweli. Lakini usishuke mabondeni alfajiri kabla upepo haujavuma. Mazuku, yaani gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini, hutuama palipo chini. Haina rangi, na imeshaua mifugo na watu. Nenda na mwenyeji, mchana.

6. Kamera ibaki mfukoni mpaka umeruhusiwa, hasa bandarini. Waasi wa M23 waliuteka mji mwishoni mwa Januari 2025, na hali hubadilika, kwa hiyo habari za usalama ulizosoma mwezi uliopita huenda zimeshapitwa na wakati. Piga simu kwa mtu aliyelala Goma jana, umuulize kama boti zinatembea na saa ngapi.